Gereji ya Wasomaji: Betri Ilikufa, Gari Likafufuka na Maradhi Mapya

Barua za mara hii karibu zote zina kilio kimoja: betri ilikwisha, gari likajampwa (likawashwa kwa umeme wa betri ya gari jingine), likashika, kisha likaanza vituko ambavyo halikuwa navyo. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja humfaa na mwingine. Kabla hujaendelea, tafuta mita ya umeme, ile ndogo ya dijiti inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Bila mita, mwenye gari na fundi wote wanapiga ramli, na ramli ya gari hulipiwa kwa spea mpya.

Betri mpya, lakini gari linapiga "tak" tu

*Salamu alaikum. Nina Toyota Axio. Niliacha taa zikiwaka usiku kucha. Asubuhi jirani akanijampia, likashika, nikaenda kazini mjini. Kesho yake likawa linalia tik-tik-tik-tik tu. Nikanunua betri mpya. Sasa mlio ule umekwisha, lakini linapiga "tak" moja kisha kimya. Nikijaribu mara tano au sita, ghafla linashika. Muuza betri asema ninunue stata. Ni kweli? — Mkaazi wa Mikindani, Mombasa*

Waalaikum salaam. Hapo una kesi mbili, Bwana, ndiyo maana betri mpya imeponya moja ikaacha ya pili.

Tik-tik-tik ya haraka ni betri yenye njaa. Solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota ya stata) inavuta, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Betri yako ilikuwa na njaa kwa sababu safari ya Mikindani hadi mjini haijazi betri iliyokauka. Altaneta, ile dinamo inayochaji betri injini ikinguruma, huzalisha kidogo gari likiwa kwenye foleni, na katika hicho kidogo taa kubwa mbili zinachukua kama ampea 9, feni ya rejeta na ya eisii zinachukua zaidi ya hapo. Betri inabakiwa na makombo. Betri ya ampea-saa 45 iliyokwisha kabisa inataka chaja ya ampea 4 hadi 5 kwa saa 10 hadi 12. Ungeitoa jioni ile ukaiacha kwenye chaja usiku kucha, huenda usingenunua nyingine. Ile ya zamani usiitupe wala usiibadilishe kwa bei ya chakavu kabla hujaichaji na kuipima, mradi haijakaa tupu kwa wiki kadhaa. Betri ikikaa tupu, salfeti huganda kwenye sahani zake, na ikishaganda hata chaja nzuri haiitoi yote.

"Tak" moja nzito kisha kimya ni jambo jingine. Hapo solenoidi imevuta na kushika, lakini umeme mwingi haufiki kwenye mota ya stata. Kizuizi kiko sehemu moja kati ya tatu: vichwa vya betri, waya wa athi unaofunga injini na bodi, au shaba zilizo ndani ya solenoidi. Utazijua hivi.

Kwanza pima betri gari likiwa limelala kwa saa kadhaa. Volti 12.6 na zaidi kidogo, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki robo, na ikifika 11.8 hiyo ni maiti inayopumua. Kama gari limetoka barabarani sasa hivi, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, subiri kidogo ndipo upime. La sivyo mita itakusomea chaji ya juujuu tu.

Kisha mtu apige stata nawe mita iko kwenye betri. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6 stata inapozunguka. Ikianguka hadi 7 au 8, betri ni dhaifu hata kama risiti ni ya jana. Ikibaki 12.3 huku gari limesema "tak" tu, basi betri haikuguswa: umeme haukupita. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoitarajia kwako.

Sasa mtafute mwizi wa volti. Weka ncha nyekundu ya mita juu ya kichwa chenyewe cha chanya cha betri, yaani kwenye ile risasi na si kwenye kibano. Ncha nyeusi iguse bolti nene ya stata inakoingia waya mkubwa. Mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya 0.5, kuna upinzani njiani. Rudia upande wa athi: ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Zaidi ya 0.3 si salama. Hapa kwetu Pwani upande wa athi ndio hutangulia kuoza, kwa sababu hewa ya chumvi hula pale shaba inapokutana na chuma, na ule ukijani huonekana tu ukishaifungua bolti. Waya kwa nje unaweza kung'aa huku ndani umekuwa unga.

Kusafisha ni kazi ya nusu saa. Spana namba 10. Toa hasi kwanza, chanya baadaye. Ukirudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Utaratibu huo una sababu: hasi ikiwa bado imefungwa, spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja itapiga cheche na inaweza kuyeyuka mkononi mwako. Koroga kijiko kikubwa cha soda ya kuokea katika kikombe cha maji, mimina juu ya ule unga mweupe, uache uchemke, suuza. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, kwa kuwa soda ikiingia ndani inaua asidi. Sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, funga, ndipo upake girisi kwa juu. Girisi isitangulie. Na utazame ukubwa wa vichwa. Betri ndogo za Kijapani zina vichwa vyembamba na nyingine vinene. Kibano cha kinene kwenye kichwa chembamba hukazwa kikafika mwisho na bado kinacheza, ndipo utaona watu wanachomeka kipande cha kopo. Kopo si dawa. Nunua kibano cha saizi yake au kikoti cha risasi.

Ikiwa pande zote mbili ni safi, bolti nene ya stata ina volti zake 12, na ule waya mwembamba wa solenoidi unapata zaidi ya 10 ukipiga stata, basi ugonjwa umo ndani ya stata. Stata za Denso zilizo kwenye Toyota nyingi zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, na kisahani kinachoviunganisha. Shaba ikilika upande mmoja, kisahani hakigusi sawasawa: "tak", kimya, "tak", kimya, mara ya sita kinagusa na gari linashika. Ndivyo ulivyoeleza. Vipande hivyo na kisahani chake huuzwa peke yake, na fundi wa waya huvibadilisha bila kugusa sehemu nyingine. Mwambie apime na kaboni za mota maadamu ameifungua. Kununua stata nzima ya mitumba kwa ajili ya shaba mbili ni kubadilisha nyumba kwa sababu kitasa kimeharibika, na hiyo ya mitumba nayo ina shaba zake zilizolika.

Ni nini kilichozimaliza shaba zako? Zilikuwa zinaelekea huko, lakini zile tik-tik za asubuhi ya pili zilizimalizia. Kila mgongano wa volti haba unachoma shaba kwa cheche. Gari likikataa mara tatu, acha. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, na uipumzishe dakika moja.

Siku tatu tu, betri imekauka

*Mimi ni mama wa biashara, nina Probox. Nikiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi halina hata taa ya dashibodi. Betri ni ya miezi minne, na nikienda kuipima dukani naambiwa ni nzima. Nimeshajampwa mpaka naona haya kwa majirani. — Mama wa Bamburi*

Mama, majirani waache. Betri yako haina kosa. Kuna kitu kinainyonya usiku.

Hesabu yenyewe iko hivi. Gari lililozimwa linaruhusiwa kunyonya kama ampea 0.05 kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya kompyuta na kufuli. Hizo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, hata wiki tatu haziui betri nzima. Lakini kitu kikinyonya ampea 0.6, hizo ni 14.4 kwa siku na 43 kwa siku tatu. Betri ya 45 imekwisha. Ukiangalia siku zako tatu, tunakisia kinachonyonya kwako kiko hapo hapo kwenye nusu ampea au zaidi.

Kupima kunataka subira kuliko ufundi. Zima kila kitu. Fungua boneti na mlango mmoja, kisha bonyeza kufuli ya mlango kwa bisibisi ili gari liamini kwamba umefungwa. Toa kibano cha hasi. Mita iwekwe kwenye tundu la ampea 10, ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye kibano ulichokitoa, ili umeme wote upite ndani ya mita. Mwanzoni utaona namba kubwa. Usishtuke wala usimwite mtu. Kompyuta za gari huchukua muda kulala, kwa hiyo ngoja dakika 30 hadi 40. Wakati huo usifungue mlango, usiwashe taa, na kwa hali yoyote usipige stata, maana utachoma fyuzi ya mita.

Baada ya hapo, namba ikibaki juu ya 0.05, endelea. Wengi huchomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Njia hiyo hufanya kazi, lakini kila fyuzi unayoirudisha inaamsha kompyuta na unaanza kungoja upya. Iliyo bora ni kuacha fyuzi mahali pake. Juu ya kila fyuzi kuna vidoa viwili vya chuma. Weka mita kwenye milivolti na uguse vidoa hivyo. Sifuri maana yake hakuna umeme unaopita. Fyuzi itakayotoa namba ndiyo njia ya mwizi, na kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kitakwambia inalisha nini.

Washukiwa wa kila siku katika magari ya hapa: alamu na traka zilizofungwa kwa haraka, amplifaya ya redio iliyovutiwa umeme wa moja kwa moja badala ya ule wa swichi, taa ya buti isiyozima kwa sababu kifuniko kimelegea (simu ikiwa inarekodi video, ifungie ndani utaona), na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) iliyoganda. Tungeanza na chochote kilichofungwa baada ya gari kununuliwa. Fundi wa alamu huwa amekata waya wa gari, akauzungushia mwingine na kuufunika kwa tepu. Tepu hiyo kwa joto letu hunyauka, waya ukabaki uchi.

Na yupo mshukiwa asiyepita kwenye fyuzi ndogo: altaneta. Dayodi yake, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikivuja, umeme unarudi nyuma usiku kucha. Gari likiwa limelala, gusa mgongo wa altaneta asubuhi kabla hujawasha. Ikiwa ina uvuguvugu na gari halijatembea tangu jana, umemkamata. Kwa mita, washa injini, weka mita kwenye volti za umeme wa AC (mkondo geu, si eisii ya baridi), upime betri. Ukipata zaidi ya 0.5, dayodi imechoka. Dukani betri itaendelea kusemwa nzima, kwa sababu ni nzima.

Tulikosea nyekundu na nyeusi

*Tulikuwa tunajampa gari la rafiki usiku, taa ya simu ikazima. Cheche kubwa. Tukageuza waya, gari likashika. Lakini taa ya betri haizimi, na baada ya dakika 40 gari linazimika barabarani. Je, altaneta imeungua? — Vijana wa Kisauni*

Labda, lakini msiilipie kwanza. Fungueni kisanduku cha fyuzi kilicho chini ya boneti. Humo kuna fyuzi kubwa iliyofungwa kwa bolti badala ya kuchomekwa, kwa kawaida ya ampea 100 hadi 140. Hiyo ndiyo mlango wa altaneta kuelekea betri, na iliwekwa hapo ifie wengine siku kama hiyo yenu. Ikikatika, altaneta inazalisha lakini hakuna kinachofika. Pimeni pande zake mbili injini ikinguruma: upande mmoja 14 na mwingine 11 au 12, jibu mmelipata. Toeni kibano cha hasi kabla ya kugusa bolti zake. Msiweke waya mtupu mahali pa fyuzi hiyo. Mkikosea tena, kitakachoungua ni gari.

Fyuzi ikiwa nzima, pimeni betri injini ikiwa inanguruma. Altaneta nzuri hutoa kati ya volti 13.8 na 14.7. Mkipata 12 na zinashuka, dayodi au regyuleta (kidhibiti cha volti) imeondoka, na hizo zinabadilishwa peke yake na mafundi wanaofungua altaneta. Kagueni pia fyuzi ya redio na ya kompyuta.

Kuna tabia moja ya gereji tungependa ife: kutoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili "kupima kama altaneta inachaji". Kwa magari ya kabureta ya zamani ilipita. Kwa gari lenye kompyuta, betri ndiyo inayomeza mawimbi ya altaneta. Ukiitoa, volti zinaweza kuruka mara kadhaa kupita kiasi kwa kufumba na kufumbua, na kompyuta ya injini haina kinga ya kutosha. Fundi akinyoosha mkono na spana, mpe mita.

Utaratibu wa kujampa, kwa atakayeuhitaji usiku: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche hutokea kwenye kiungo cha mwisho, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Ndiyo sababu ya kuiweka mbali. Gari zima lingurume dakika 5 hadi 10 kabla ya kupiga stata ya lile jingine. Waya zenye ganda nene na shaba nyembamba, ambazo ndizo rahisi sokoni, hupata moto na hazipitishi kitu. Zikiwa moto mkononi, mnapasha waya badala ya kuwasha gari.

Gari limetoka bandarini, redio inadai namba

*Nimetoa gari bandarini, betri ilikuwa imekufa. Nilipoweka mpya redio ikaandika Kijapani na kudai namba ya siri. Wengine waniambia nijaribu namba nne za mwanzo wa chasisi. — Msomaji, Tudor*

Betri ya gari hilo ilikufa ama melini ama uwanjani, wiki nyingi bila kuwashwa, na redio nyingi za Toyota kutoka Japani hujifunga zikikosa umeme. Namba za chasisi hazihusiani. Redio huonyesha namba yake yenyewe, iitwayo ERC, na kutokana na hiyo ndipo hutafutwa namba ya kufungulia. Mafundi wa redio za magari wanajua kazi hiyo. Usibahatishe, baadhi ya redio hufunga kabisa ukikosea mara kadhaa. Kama ni ile ya ramani, tazama kwanza kama ina kadi yake. Wanaosafisha magari hutoa kadi hizo wakidhani ni za muziki, na bila kadi hiyo redio haifunguki. Ukishaipata namba, iandike kwenye karatasi uibandike ndani ya kifuniko cha dashibodi.

Baada ya betri, linazima kwenye makutano

*Mazda Demio yangu ilibadilishwa betri. Sasa nikifika taa za barabarani nikiachia mafuta, injini inatetemeka na kuzima. Pia kioo changu hakipandi kwa mguso mmoja kama zamani. — Dada wa Nyali*

Dada, hakuna kilichovunjika. Kompyuta ya injini ilikuwa imejifunza kwa miaka jinsi ya kufungua mlango wa hewa kwa injini yako yenye masizi. Betri ilipotolewa, ikasahau. Sasa inaanza na vipimo vya kiwandani, ambavyo ni vya mlango msafi, na hewa inayopita haitoshi. Usafishe mlango huo kwa dawa yake ya kopo na kitambaa laini, swichi ikiwa imezimwa, bila kuulazimisha kwa kidole. Kisha washa injini bila kukanyaga mafuta, eisii na taa zikiwa zimezimwa, uiache ipate joto kamili na iendelee kunguruma dakika 10. Washa eisii, iache dakika 5 nyingine. Halafu endesha kawaida. Magari mengi hujirekebisha hapo au baada ya siku mbili. Nissan nyingi hazijirekebishi, zinataka ziamrishwe, mara nyingi kwa mashine ya kompyuta.

Kioo: kishushe mpaka chini, kisha kipandishe kwa kuvuta swichi bila kuiachia, kikifika juu endelea kuvuta kwa sekunde chache.

Swali letu kwako ni hili: umewekewa betri gani? Demio yenye mfumo wa kuzima injini kwenye taa ilizaliwa na betri ya Q-85, iliyotengenezwa kwa kuwasha mara nyingi kwa siku. Ukiwekewa ya kawaida kwa sababu ni rahisi, itachoka mapema. Kama ndiyo hiyo uliyo nayo, bonyeza swichi ya kuzima mfumo huo kila unapowasha gari.

Prius haifunguki hata mlango

*Prius imekaa mwezi. Funguo haifanyi kazi, na betri iko nyuma kwenye buti ambalo halifunguki bila umeme. — Mkaazi wa Mtwapa*

Ndani ya ile funguo ya kitufe kuna kifunguo cha chuma. Kitoe, fungua mlango wa dereva, kisha boneti. Kwenye kisanduku cha fyuzi cha mbele kuna kiungo chenye kifuniko chekundu, kimewekwa makusudi kwa kujampia. Chanya hapo, hasi kwenye chuma kitupu. Prius haina stata ya kawaida, kwa hiyo haihitaji umeme mwingi, inataka wa kuamsha kompyuta tu. Ikiandika READY, iache hivyo saa moja au zaidi. Usiitumie kumjampia mwenye gari la dizeli. Haikuundwa kwa kazi hiyo. Na betri yake ni ya aina iliyofungwa yenye bomba la kutolea gesi nje, si ile ya kawaida ya bei nafuu.

Lori: betri moja kati ya mbili hufa daima

*Ninaendesha lori la volti 24, Mombasa hadi Malaba. Nabadilisha betri ile ile kila baada ya miezi michache, nyingine ni nzima. — Dereva, Changamwe*

Bwana dereva, fuata waya wa redio na wa kuchajia simu. Tunaamini umevutwa kutoka betri moja ili upate volti 12. Betri hizo zimefungwa kwa mfululizo, na altaneta inaziona kama kitu kimoja cha volti 28. Moja ikinyonywa na redio, haifiki juu. Nyenzake inapitilizwa na kuchemka. Pima kila moja peke yake injini ikinguruma. Ziwe karibu sawa, kama 14 na 14. Ukipata 13.2 na 14.9, ndiyo hiyo. Toa waya huo, weka kigeuzi cha 24 kwenda 12 kinacholishwa na betri zote mbili. Na zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Mpya ikifungwa na nzee, nzee huivuta mpya chini.

Tuk-tuk yanuka yai viza

*Betri ya tuk-tuk yangu inapata moto, inanuka, na maji yanaisha kila wiki. — Dereva, Mwembe Tayari*

Inachajiwa kupita kiasi. Ongeza mwendo wa injini upime. Ukiona zaidi ya volti 15, badilisha regyuleta kabla ya betri. Maji ya kujazia ni yale yaliyosafishwa, si asidi, wala si ya kisimani ambayo hapa kwetu yana chumvi. Kama sahani ziko wazi, zifunike tu kwa maji, ichaji, ndipo ujaze hadi alama. Ukijaza kwanza, zikichemka zitamwagikia vyuma.

Foleni ya feri

*Likoni nikizima na kuwasha gari kila foleni inaposogea, naua betri? Au niache likinguruma? — Msomaji, Likoni*

Kuwasha mara moja kunachukua kama ampea 200 kwa sekunde mbili, yaani ampea-saa 0.1 hivi. Altaneta inairudisha kwa dakika moja au mbili za kunguruma. Kinachoua ni kuzima injini na kuacha feni ya eisii, redio na taa zikiendelea. Ampea 20 kwa nusu saa ni ampea-saa 10, robo ya betri ya gari dogo, na ukivuka unaendesha dakika 10 tu hadi nyumbani, hujarudisha hata nusu. Foleni ikisimama zaidi ya dakika tatu zima, lakini zima vyote na ufungue vioo. Ikisogea kila dakika, liache lingurume, hasa kama stata yako tayari inasema "tak".